Kukaza si kuziba: kinachoisumbua bolti ya sampo kwenye haisi ya zamani

Dereva anayelaza Toyota Hiace ya zamani uani huianza asubuhi yake kwa kutazama chini. Akikuta doa jeusi la ukubwa wa kisahani cha chai, neno linalomtoka ni moja, kwamba sampo inavuja, na ushauri anaoupata kwa kondakta, kwa dereva mwenzake na mara nyingi hata kwa fundi wa jirani nao ni mmoja: kaza. Spana inaletwa, bolti inaongezwa robo mzunguko, doa linapungua kwa siku mbili tatu, kisha linarudi likiwa kubwa kuliko la kwanza. Baada ya miezi kadhaa ya robo mzunguko juu ya robo mzunguko, bolti inazunguka bila kushika kitu, na hapo ndipo mjadala unapochacha. Mmoja anasema inunuliwe sampo nzima, mwingine anasema ipakwe silikoni, wa tatu anasema itafutwe bolti nene zaidi na ilazimishwe kuingia. Kila mmoja ana kisa cha gari lililopona kwa dawa yake, na huenda hakuna anayedanganya, kwa sababu wanazungumzia maradhi tofauti yenye dalili moja.

Tuanze na majina ya vitu. Sampo ni beseni lililofungwa chini kabisa ya injini, ambamo oili yote hujikusanya kabla ya kunyonywa na pampu na kurudishwa juu kulainisha vyuma vinavyosuguana. Kwenye sehemu ya chini ya beseni hilo pana tundu la kumwagia oili, na kinachoziba tundu hilo mtaani huitwa nati ya sampo, ingawa kwa hakika ni bolti, kwa kuwa michirizi yake inayozunguka iko upande wa nje. Michirizi hiyo ndiyo hesi, ambayo mafundi wengi huiita thredi. Bolti ina hesi zake, na tundu la sampo lina hesi zake zinazopokea za bolti. Kati ya kichwa cha bolti na uso wa sampo hukaa pete nyembamba iitwayo washa, ya shaba, ya alumini au ya malighafi laini iliyoshindiliwa. Vitu hivyo vitatu, yaani bolti, hesi za sampo na washa, vina kazi tatu tofauti, na kuzichanganya kazi hizo ndiko kunakoharibu sampo nyingi kuliko mawe ya barabarani.

Katika makala haya ninaizungumzia zaidi Hiace ya umbo la H100, ile iliyoanza kuundwa mwaka 1989 na kukoma kuundwa Japani mwaka 2004, kwa sababu bado inabeba watu na mizigo kila siku katika miji yetu. Bolti ya sampo kwenye injini nyingi za Toyota za kizazi hicho, za petroli na za dizeli, ina unene wa milimita 12, na kila ikizunguka mara moja huingia ndani kwa milimita 1.25. Kichwa chake hufunguliwa kwa spana namba 14. Vipimo hivi vina maana yake, kama tutakavyoona, hasa pale duka la vipuri linapokupa bolti ya milimita 12 yenye hatua, yaani mwendo wa mzunguko mmoja, ya milimita 1.5 au 1.75. Kwa macho zinafanana, nazo huingia mzunguko mmoja au miwili kabla ya kuanza kutafuna.

Watu wengi wanaamini kuwa hesi ndizo zinazozuia oili, kwamba zikibanana sana oili inakosa pa kupita. Sivyo. Baina ya hesi za bolti na hesi za sampo huachwa upenyo mdogo kwa makusudi, la sivyo bolti isingezunguka kabisa, na oili ikishapata joto huwa nyepesi kiasi cha kupita humo bila shida. Itazame chupa ya chai. Mfuniko wake una michirizi ya kuzungusha, lakini mpira ulio ndani ukichakaa, chai huvuja hata ukikaza kwa mikono miwili. Michirizi kazi yake ni kuuvuta mfuniko ukae chini. Kuziba ni kazi ya mpira. Kwenye sampo, mpira huo ni washa. Bolti inapokazwa, washa laini hubonyezwa na kujaza vibonde vidogo vilivyo kwenye uso wa sampo na kwenye kichwa cha bolti, na kwa kuwa imebonyea mara moja kufuata umbo la mahali pale, hairudi tena kuwa kama ilivyokuwa. Itumie mara ya pili, na itabonyea kidogo tu. Mara ya tano imekwisha.

Niliwahi kuiweka kiganjani washa iliyotoka kwenye haisi ambayo mwenyewe aliinunua ikiwa imeshatumika na hakuwahi kukibadilisha kitu hicho. Upande mmoja ulikuwa na mfereji wa mviringo uliochimbwa na kichwa cha bolti, unang'aa kama umepigwa msasa, na ukingo wa nje ulikuwa umefumuka na kuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Upande wa pili ulikuwa na mkwaruzo mmoja uliokatiza kutoka ndani hadi nje, na mkwaruzo huo peke yake ulitosha kuwa njia ya oili. Hakuna nguvu ya mkono ambayo ingeuziba. Washa mpya ingeuziba kwa bei ya soda.

Wazee wa pwani walikuwa na kitanda cha kamba kilichoitwa teremka tukaze, kwa sababu kamba zikilegea aliyelala alilazimika kushuka ili zivutwe upya. Kwa kitanda kile dawa ilikuwa kweli kukaza, maana kamba hurefuka kwa uzito wa mtu na ikivutwa hushika tena. Bolti ya sampo haiko hivyo. Ikishakazwa ipasavyo hujivuta kidogo sana, kama springi ngumu, na mvuto huo ndio unaoigandamiza washa. Ukiendelea kuvuta baada ya hapo, kinachokubali si washa tena bali hesi, ambazo huanza kulala upande, kisha hukatika, kwa kawaida zile za sampo kwanza kama sampo ni ya alumini, kwa kuwa alumini ni laini kuliko chuma cha bolti.

Ni nguvu kiasi gani inatosha? Kwa bolti ya ukubwa huu, kipimo cha kukazia huwa kati ya newtoni mita 30 na 40, yaani nguvu ya kusukuma ikizidishwa kwa urefu wa spana. Tuseme 38. Ukishika spana yenye urefu wa sentimita 25 mwishoni mwake, unahitaji kusukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo kumi na tano na nusu hivi, yaani kazi ya mkono mmoja kwa mtu mzima aliyelala chini ya gari. Sasa chukua bomba la sentimita 75 ulivalishe spana, kama inavyofanyika kila siku, halafu sukuma kwa nguvu ileile. Bolti imepata mara tatu ya inachohitaji, na wewe hukuhisi tofauti yoyote mkononi. Ukijitupa hasa, kwa uzito wa kilo arobaini, umepita newtoni mita 290. Bomba ni chombo cha kufungulia bolti iliyogoma. Kukazia halifai hata siku moja. Gereji yenye spana ya kupimia nguvu, ile inayotoa mlio wa tak ikifika kipimo ulichoipangia, inakulinda zaidi kuliko fundi mwenye mkono wa chuma, na mwenye gari asione haya kuiulizia.

Kabla ya kugusa spana, lazima ijulikane oili inatoka wapi. Bolti ya sampo iko chini kabisa, hivyo oili yoyote inayovuja juu yake, kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, kwenye filta, kwenye swichi ya presha ya oili au kwenye sili ya nyuma ya kranki, hutelemka ikifuata bati na hatimaye hudondoka kwenye ncha ya bolti, ambayo hubebeshwa lawama isiyo yake. Njia ya kuhakikisha haihitaji mashine yoyote. Osha sampo yote kwa mafuta ya taa injini ikiwa baridi, ifute hadi ikauke, kisha ipake poda ya mtoto kuanzia ukingo wa juu hadi kwenye bolti. Endesha gari dakika kumi au kumi na tano, urudi uitazame kwa tochi. Oili itakuwa imechora njia yake kwenye poda nyeupe. Mchirizi ukianzia juu, iache bolti. Pete nyeusi ikizunguka kichwa cha bolti, tatizo ni washa au uso inapokaa. Weusi ukitokea kwenye duara pana zaidi, milimita kadhaa nje ya washa, basi kwenye sampo za bati kuna uwezekano mwingine ambao wengi hawaufikirii: nati iliyochomelewa ndani ya bati, ambayo ndiyo inayoipokea bolti, imepasuka kiungo chake kwa kukazwa kupita kiasi, na oili inapita kando ya bolti. Hapo kila robo mzunguko inaupanua ufa.

Je, uvujaji mdogo ni wa kuharakishwa? Hesabu matone. Matone ishirini hivi hufanya mililita moja. Bolti inayodondosha tone moja kila sekunde injini ikiwa ya moto inapoteza mililita 180 kwa saa, na katika saa sita za kazi imepoteza zaidi ya lita moja. Kati ya alama ya F na alama ya L kwenye kijiti cha kupimia oili, kwenye injini nyingi za aina hii, pana kama lita moja tu. Kwa hiyo gari lililoondoka kituoni alfajiri likiwa na kipimo kamili linaweza kufika adhuhuri likiwa kwenye alama ya chini kabisa, bila taa ya oili kuwaka hata mara moja, kwa sababu taa ile haipimi wingi wa oili. Inapima presha. Huwaka pale pampu inapokosa cha kunyonya, na wakati huo beringi za konrodi zinasuguana zikiwa kavu. Safari iliyobaki kabla ya injini kunoki ni fupi sana. Doa la kisahani cha chai linaweza kusubiri mwisho wa wiki, ilimradi kijiti kinapimwa kila asubuhi gari likiwa limesimama mahali tambarare. Tone la kila sekunde halisubiri.

Sasa bolti iliyogoma kufunguka. Kosa la kwanza hapa ni la upande. Mtu aliyelala chali chini ya gari hujichanganya kirahisi, akafungua kwa mwelekeo anaoukumbuka akiwa amesimama juu ya injini, na kumbe anakaza. Kanuni ni kukitazama kichwa cha bolti uso kwa uso, popote kinapoelekea, na kuzungusha kinyume na mishale ya saa. Kosa la pili ni la chombo. Spana inayorekebishwa mdomo, ile inayojulikana gereji kama spana malaya, hushika pembe mbili tu na kuzila, na hata spana ya ringi yenye pembe kumi na mbili huteleza kwenye kichwa kilichochakaa. Boksi la pembe sita namba 14, lililosukumwa hadi mwisho, hukaa kwenye ubapa wa kichwa badala ya pembe zake. Injini ikiwa na uvuguvugu, si moto wa kuunguza, kichwa kikapigwa dawa ya kutu na kugongwa nyundo mara mbili tatu za wastani ili mgando uachie, bolti nyingi hufunguka. Kwenye sampo ya alumini nyundo hiyo ipigwe kwa hadhari, maana alumini hupasuka. Ikiwa pembe zimekwisha kabisa, boksi namba 13 likipigwa kwa nyundo hadi limeze kichwa kilicholika mara nyingi hukitoa, na bolti hiyo haipaswi kurudi kwenye gari.

Ikishindikana kabisa na oili imefikia muda wake, si lazima gari lisimame. Oili inaweza kunyonywa kwa pampu ya mkono kupitia bomba la kijiti cha kupimia, filta ikabadilishwa, na bolti ikasubiri siku ya nafasi. Wapo wanaosema kunyonya juu huacha uchafu wote chini. Ni kweli kwamba huacha kiasi fulani, lakini kumwaga nako huacha, na oili mpya yenye uchafu kidogo ni bora mara nyingi kuliko oili iliyokufa.

Hatufiki mbali bila kuzungumzia hesi zilizolika, kwa sababu hapo ndipo fedha hupotea. Dalili yake huanza mkononi: bolti ilikuwa inazidi kuwa ngumu, mara inakuwa nyepesi. Ukilisikia hilo, simama pale pale. Itoe bolti na uisogeze kwenye mwanga. Ikiwa hesi zake mwenyewe zimelala au zimekatika na ndani ya tundu kuko salama ukipapasa kwa kidole kilichovaa glavu, bahati ni yako, unanunua bolti na washa. Ikiwa ndani ya hesi za bolti umejizungusha uzi wa chuma mfano wa springi ndogo, hizo ni hesi za sampo zilizong'oka, na bolti mpya haitasaidia kitu. Kisha chukua sumaku uiguse sampo. Ikinasa, sampo ni ya bati la chuma, na dawa yake ni kuichomelea nati mpya. Isiponasa, ni alumini, na hapo nati ya kuchomelea ya kawaida haina nafasi.

Kwa alumini, ukarabati unaodumu ni kuchongea tundu hesi mpya, kubwa kidogo, kisha kupachika ndani yake bushi ya chuma yenye hesi za milimita 12 kwa 1.25 upande wa ndani, iliyopakwa gundi ya kufungia hesi upande wa nje. Fundi mwenye mashine ya kukerezea vyuma huweza kuichonga bushi hiyo, na sampo ikitengenezwa hivyo huwa imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Bolti nene inayojichongea hesi yenyewe, ambayo huuzwa kama suluhisho la dakika tano, ninaiona kuwa mkopo wa riba kubwa: huingia upande mara nyingi, kichwa chake kisikae sawasawa juu ya washa, na kila oili inapobadilishwa hula kidogo zaidi, hadi tundu linakuwa pana kiasi kwamba hata bushi haipati pa kushika. Atakayelazimika kuitumia kwa sababu bosi anasubiri hesabu ya siku, aitumie mara moja, asiifungue tena hadi sampo itakaposhushwa.

Kuchomelea nati kwenye sampo ya bati kufanyike sampo ikiwa imeshushwa, imeoshwa na kukauka. Nimesikia wakisema oili ya injini haishiki moto kirahisi, hivyo hakuna haja ya kuishusha. Oili iliyo baridi kwenye ndoo kweli haiwaki kwa kiberiti, lakini ukungu wa oili na mvuke wa petroli uliochanganyika nayo ndani ya sampo iliyofungwa ni jambo jingine, na chini ya Hiace hakuna pa kukimbilia. Sampo ikishushwa pia unapata nafasi ya kukagua chujio la kunyonyea oili. Kama bati liliwahi kugonga tuta na kubonyea, huenda limelikaribia chujio hilo kiasi cha kuinyima pampu oili, nalo ni kosa ambalo halivuji hata tone.

Silikoni na tepu ya fundi bomba zinastahili neno moja tu. Vipande vyake vinavyoingia ndani huishia kwenye chujio hilohilo. Na washa mbili zilizopandana hazizibi maradufu; huongeza tu nyuso ambazo oili inaweza kupita, na huinyima bolti mizunguko ya kushika.

Siku ya kurudisha bolti, futa uso wa sampo kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, weka washa mpya, na uianze bolti kwa vidole, bila spana, angalau mizunguko minne, ambayo ni milimita tano za hesi. Ikigoma kabla ya hapo, imeingia upande. Itoe uanze tena. Kaza kwa kipimo. Kisha, kwa rangi ya kucha ya rangi yoyote inayoonekana, chora mstari mmoja unaoanzia kwenye kichwa cha bolti na kuishia kwenye bati la sampo. Dereva anayeinama kutazama matairi kila alfajiri ataviona vipande viwili vya mstari huo, cha kwenye bolti na cha kwenye sampo, kwa tochi ya simu. Ikiwa bado vimekutana, bolti haijalegea, na doa lolote linaloonekana chini litafutiwe chanzo chake kwa poda kwanza.